Kulala Chini Manassas

Gari la mfano ukilipiga picha umesimama wima, litatoka kama kitu cha kuchezea mtoto. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa katika kazi yangu, na ndilo ninalowapa kwanza, wanangu, kabla hamjaniuliza tena ilikuwaje mtu mzima kutoka Morogoro akazeekea Marekani akiunda magari yanayoenea kwenye viganja viwili. Lazima ulale chini. Lenzi ikae pale ambapo lingekaa jicho la mtu, kama kungekuwa na mtu mfupi kama kidole amesimama kando ya gari hilo. Ukiinua kamera kidogo tu, umeshakuwa jitu linalotazama sahani ya chakula.

Nimelala chini sana katika maisha yangu. Nimelala juu ya saruji, juu ya kokoto, juu ya theluji iliyoanza kuyeyuka. Nitawasimulia siku moja tu niliyolala kwenye nyasi, kwa sababu ile ndiyo siku ambayo bado inanijia nikisikia gari linapunguza mwendo nyuma yangu.

Karakana yetu ilikuwa Manassas, upande wa pili wa reli, katikati ya duka la vioo vya madirisha na jamaa waliokuwa wakifua mazulia. Tuliunda mifano ya magari ya mbio ya zamani. Msifikirie haya ya siku hizi yanayotoka kiwandani yakiwa tayari kwa mashindano. Yalikuwa magari ya kawaida ya barabarani. Mtu alinunua gari kuukuu, akang'oa viti, akafunga milango kwa mkanda isije ikafunguka kwenye kona, akaandika namba ubavuni, kisha akaenda kushindana kwenye uwanja wa udongo. Mengi ya magari hayo yaliishia kwenye vyuma chakavu. Familia za madereva zilibaki na picha moja yenye ukungu, zikatuletea sisi tuziundie upya kilichopotea.

Mimi nilikuwa fundi rangi kwenye gereji kabla sijaja huku, nikadhani nimeshajua kila kitu. Gari langu la kwanza nililipulizia rangi kama nilivyozoea. Lilipokauka, mistari ya milango ilikuwa imezama kabisa, utadhani gari limefunikwa na uji. Bosi hakunigombeza. Alinipa kipande cha msasa laini na kuniambia niitoe yote, halafu akaniambia kwamba gari likiwa dogo, hata rangi yake lazima iwe ndogo. Nilichukua muda mrefu kuelewa hilo. Vumbi pia. Ukinyunyiza udongo halisi kwenye madigadi, kwenye picha kila punje inaonekana jiwe. Unasaga chaki ya rangi mpaka iwe kama poda ya mtoto, unaipuliza kwa pumzi yako mwenyewe, unapangusa kidogo pale ambapo mkono wa fundi ungeshika boneti. Namba za ubavuni zinakuja kwenye stika ya maji. Tone la siki linailainisha, inajilaza kwenye mkunjo wa bati kana kwamba imechorwa.

Mpiga picha wetu alikuwa Célestin, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa akiishi Takoma Park. Alikuwa mtu mpole, anayevaa koti la suti hata akienda kulala chini kwenye matope. Alinichekesha sana. Siku moja alipiga picha gari zuri mno tuliloliunda, na picha ilipotoka tukakuta siafu amesimama juu ya paa, mkubwa kama mbwa. Célestin aliitazama kwa huzuni, kisha akasema, “Bon. Mwenye gari atasema ni mbwa wake.” Lakini kwenye kazi hakuwa na mzaha. Alikuwa akisema taa za ndani zinasema uongo, kwa sababu taa mbili zinatoa vivuli viwili, na kila anayeona anajua moyoni kwamba jua ni moja. Ndiyo maana kazi nzuri tulizitoa nje. Unaweka ubao mahali pa wazi, unaweka gari ukingoni mwa ubao, na nyuma yake, mbali, unaacha miti halisi na uzio halisi. Ukilala mahali panapostahili, ukingo wa ubao unapotea na gari linasimama kwenye dunia yetu.

Sasa Mama Neema, mke wangu. Alikuwa akitunza wagonjwa majumbani, na mwaka huo, elfu mbili na mbili, mgonjwa wake alikuwa mzee mmoja aitwaye Harlan, nje kidogo ya Manassas. Moyo wa mzee ulikuwa umechoka. Ujanani alikuwa dereva wa magari hayohayo niliyokuwa nikiyaunda, na asubuhi moja Mama Neema akamwambia kazi ya mumewe. Jioni mzee akamwomba. Hakutaka dawa wala padri. Alitaka kuliona gari lake mara moja tena, kwenye uwanja wake.

Hakuwa na picha hata moja, kwa hiyo nilikwenda kukaa kando ya kitanda chake nikamsikiliza. Gari lilikuwa la milango miwili, lenye mgongo wa mviringo. Rangi yake ilikuwa nyekundu ya supu ya nyanya, ile ya kopo, kabla hujatia maziwa. Namba sitini na moja iliandikwa na mdogo wake kwa brashi ya kupakia nyumba, na ile sita ilikuwa imelalia upande kama mlevi. Rangi niliichanganya nikakosea, nikampelekea kwenye kipande cha plastiki, akatikisa kichwa. Nikakosea tena. Mara ya tatu alikishika tu kile kipande cha plastiki juu ya kifua chake, nikajua tumefika. Gari lilikuwa limekamilika wakati majani ya miti yanaanza kugeuka rangi. Kilichobaki ni picha.

Hapo ndipo hofu ilipoingia mjini. Nyinyi mlikuwa wadogo, wengine hamjazaliwa. Kulikuwa na mdunguaji. Mtu asiyejulikana alikuwa akiwapiga watu risasi kutoka mbali, watu waliokuwa wakijaza mafuta, waliokuwa wakibeba mifuko ya dukani, watu wasio na kosa wala uhusiano wowote. Ilianzia huku Maryland, karibu na sisi, ikahamia Virginia, na hata Manassas mtu aliuawa kwenye kituo cha mafuta. Watu walijaza mafuta huku wamechuchumaa nyuma ya magari yao. Vituo vilitundika maturubai ili wateja wasionekane. Shuleni watoto walifungiwa ndani wakati wa mapumziko, na Neema wetu alikuwa akirudi nyumbani bila kusema lolote, si kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza. Pale kwetu Adelphi mtu akishuka kwenye gari alikuwa anakimbia mpaka mlangoni, tena kwa kupindapinda.

Redio ikatangaza kwamba linatafutwa gari dogo jeupe la mizigo. Célestin alikuwa na gari dogo jeupe la mizigo. Tulisimamishwa njiani, tukasimamishwa tena, tukashushwa na vifaa vyetu vikapekuliwa kimoja kimoja. Baada ya hapo aliliegesha chini ya miti Takoma Park na hakuligusa tena. Nikawa nampitia kwa gari la mke wangu.

Kwenda kulala kwenye nyasi na kamera yenye lenzi ndefu halikuwa jambo la kuzungumzika. Tulijaribu ndani. Tulichora miti kwenye karatasi, tukapanga taa, tukahangaika. Mama Neema akampelekea mzee picha. Aliporudi nilimsoma usoni kabla hajavua viatu. Mzee aliitazama, akashukuru kwa adabu, akasema ni kitu kizuri cha kuchezea, kisha akageukia ukutani. Na daktari alikuwa ameshawaambia jamaa za mzee wasisafiri mbali, maana siku zake zilikuwa zimebaki chache.

Nilimweleza Célestin. Alikuwa anasafisha lenzi, akaendelea kuisafisha hata ilipokwisha kung'aa. Hakuniambia ndiyo. Aliniuliza tu jua linatokea upande gani kwenye shamba la mzee. Ule uwanja aliofanyia mazoezi zamani ulikuwa bado upo, nyuma ya nyumba, udongo mwekundu umemezwa na nyasi, lakini kona moja na uzio wa mbao vilikuwa vimesalia. Upande mmoja ulipakana na barabara.

Nilitaka kumficha mke wangu, nikashindwa, kwa sababu nilihitaji gari lake. Akaniuliza tunaenda lini. Nikamwambia asubuhi, jua likiwa bado chini. Akasema naye anakwenda. Nilikataa, nikatafuta sababu nyingi, akaniacha nizimalize.

“Wanaume wawili weusi wamelala kwenye nyasi na kitu chenye mdomo mrefu,” akasema. “Mtu akipita barabarani ataona nini? Mimi nitasimama wima nimevaa sare yangu. Angalau wamwone mtu mmoja aliye kazini.”

Asubuhi ile tulimpitia Célestin alfajiri. Pale shambani tuliweka ubao juu ya ndoo mbili, nikachekecha udongo wa palepale kwa soksi ya nailoni ya mke wangu ili rangi ifanane na ya chini, nikaliweka gari, nikaligeuza magurudumu ya mbele kidogo kana kwamba linatoka kwenye kona. Mama Neema alikwenda kusimama mbali kwenye uzio, akiwa na sare yake ya samawati, mahali ambapo mtu yeyote wa barabarani angemwona. Sisi tukalala kifudifudi. Célestin alishika mkononi ule waya mweusi wa kufyatulia kamera, maana ukiigusa kamera yenyewe inatikisika.

Jua likaingia mawinguni. Tukasubiri. Sijawahi kusikia mgongo wangu kuwa mpana kama siku ile. Kila gari lililopita barabarani nilibana pumzi mpaka limalize kupita. Moja likapunguza mwendo. Likasimama kidogo, halafu likaondoka kwa kasi, na mimi nikamwambia Célestin afadhali tuondoke. Akasema tusubiri wingu lipite. Nikasubiri, kwa sababu moyoni nilimwona mzee amegeukia ukutani.

Polisi hawakupiga king'ora. Nilisikia milango ya magari ikifunguliwa nyuma yetu, kisha sauti ikatuamuru tusigeuke, tunyooshe mikono mbele pale tulipokuwa tumelala. Nikanyoosha. Célestin hakunyoosha. Sauti ikamwambia aachie alichoshika. Hakuachia. Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa anatazama mbele, lakini si gari alilokuwa anaona. Aliwahi kuniambia kwamba kule kwao, njiani, askari waliwalaza yeye na kaka zake kwenye majani ya kando ya barabara. Hakunisimulia kilichofuata na sikumuuliza.

Sauti ikarudia, safari hii ikiwa juu zaidi, na kulikuwa na ya pili, changa, iliyokuwa inatetemeka. Hiyo changa ndiyo iliyonitisha. Nilijua neno moja la Kiswahili lingemrudisha Célestin, na nilijua pia neno moja la lugha wasiyoijua lingeweza kuwafanya wale watu wafyatue. Wanangu, niliiogopa lugha yangu mwenyewe. Nikasema kwa Kiingereza, taratibu nilivyoweza, kwamba rafiki yangu ameshikwa na woga na hawasikii, na naomba niseme naye kwa lugha yetu. Upande wa pili nikasikia mke wangu anaongea kwa ile sauti anayowatulizia wagonjwa, akiwaeleza yeye ni nani, anamtunza nani kwenye nyumba ile, na hii ni picha ya nani. Wakamwambia anyamaze, akae palepale alipo, asiinue hata mguu.

Kisha yule mkubwa akaniambia, “Sema naye.”

Nikasema kama wanavyosema kwao. “Papa Célestin, ni miye. Tuko kwa shamba la mzee. Achia waya.”

Kidole kikaachia, halafu kingine. Waya ukaanguka kwenye nyasi.

Walitupekua, wakapekua mikoba, wakatuacha tuketi. Yule kijana aliizunguka kamera kwa tahadhari, akafika mbele ya ubao, akaliona gari. Akainama. Halafu akapiga magoti, akashusha kichwa mpaka usawa wa lenzi, akabaki hapo muda. Akamwita mwenzake aje aone. Mwenzake hakuja. Alitwambia tukusanye vitu vyetu twende, kwa sababu kila mtu kwenye barabara ile anaogopa, na atakayetuona baadaye huenda asiwapigie simu wao bali akatoa bunduki yake mwenyewe. Alikuwa anasema kweli. Nilianza kukunja miguu ya stendi.

Célestin hakuwa ametamka neno tangu walipofika. Akanyanyua kichwa na kusema kwa Kiingereza chake, “Tafadhali. Jua limetoka.”

Lilikuwa limetoka. Lililala juu ya boneti ile nyekundu, na kivuli cha gari kilikuwa kimeungana na vivuli vya uzio, vyote vikielekea upande mmoja. Yule polisi mkubwa alilitazama anga, akatutazama sisi, akashusha pumzi. Akasema atawasha taa za gari lake na kusimama kando ya barabara ili wapitao wajue kuna askari, na tufanye haraka.

Tukalala tena chini. Mikono ya Célestin ilikuwa inatetemeka hata hakuweza kurudisha lenzi ilipokuwa, ikabidi niizungushe mimi huku yeye ameweka jicho na kuniambia bado, bado. Akanipa na waya. Mimi pia nilikuwa natetemeka, ila waya hautikisi kamera. Tundu la lenzi likibanwa sana ili vya mbali navyo vionekane, picha inachukua muda kuingia, na ule muda ndio uliokuwa mrefu kupita yote.

“Sasa, Papa Neema,” akasema. Nikabonyeza. Akasema tena sasa, nikabonyeza tena, mpaka wingu likarudi.

Hakuna aliyekumbuka kumwambia mke wangu kwamba anaweza kusogea.

Picha zilipotoka kusafishwa, moja ilikuwa kamili. Gari lilikuwa gari. Ungeweza kusikia injini. Ila kule nyuma, kwenye uzio, pale ambapo picha inaanza kuwa na ukungu, kulikuwa na mwanamke aliyevaa samawati, amesimama wima, mikono ameishika kwenye ubao wa juu. Célestin alikereka. Hakuwa amemwona hata kidogo. Siku hizi mnamfuta mtu kwenye picha kwa kidole na dunia haijui kama alikuwepo, lakini sisi tulikuwa na mkasi tu, na kumkata Mama Neema kulikuwa ni kuikata ile kona, na bila kona gari lilikuwa limeegeshwa tu. Tuliipima huku na huku. Mwishowe akasema tuiache.

Nilikwenda na mke wangu kuipeleka. Mzee Harlan alikuwa amepungua sana tangu nilipomwona. Mama Neema alimvisha miwani, akamwinua kwenye mito, akaiweka picha mikononi mwake. Macho yalipita kwenye gari, kwenye ile sita iliyolala, kwenye udongo. Nilidhani atauliza tumelipata wapi, na nilikuwa nimejiandaa kumweleza ubao na ndoo. Lakini kidole chake kililiacha gari, kikasogea polepole mpaka kwenye uzio.

“Doris alikuja,” akasema.

Doris alikuwa mkewe, marehemu wa siku nyingi. Mzee akatueleza kwa pumzi fupifupi. Kaka yake Doris alifia kwenye mbio, na Doris akaapa hatakanyaga mahali popote mumewe anapoendesha, hata pale nyuma ya nyumba yao. Miaka yote ile, kila alipotoka kwenye kona, mzee alitupa jicho pale kwenye uzio. Hakumwona hata siku moja.

Akamgeukia mke wangu. “Unamwona?”

Nilifungua mdomo. Nilikuwa naogopa kumwambia yule ni nani na nilikuwa naogopa kunyamaza, na nadhani Mama Neema alilisikia hilo, kwa sababu alinigusa mkono bila kunitazama.

“Namwona,” akamwambia mzee. “Alisimama pale mpaka mwisho.”

Mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa swali la haki. Akafumba macho, picha ikiwa juu ya blanketi. Hakuumaliza mwezi ule.

Tulirudi Adelphi mke wangu akiendesha. Wakati huo mdunguaji alikuwa bado hajakamatwa. Nilimwona jirani yetu mmoja akishuka kwenye gari lake na kukimbia kuelekea mlangoni ameinamisha kichwa. Mama Neema alizima injini lakini hakushuka. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

“Baba Neema, sikumdanganya,” akasema.

Nikamwambia sikusema kwamba amemdanganya.

“Nilisimama kwenye uzio ule namwogopea mume wangu. Unadhani Doris angesimama pale kwa sababu nyingine?”